Shajara ya mradi: kodi ya nyumba Houston, hesabu tupige wenyewe

Januari 17, 2026

Tumeanza. Jumamosi mchana, ukumbi wa nyuma wa kanisa kusini-magharibi mwa Houston, kompyuta za kuazima na intaneti ya kanisa. Waliokuja wengi ni ndugu zetu wa Kongo, wa Bukavu na Uvira, halafu Wakenya, halafu sisi Watanzania. Karibu wote wamenunua nyumba miaka hii ya karibuni au wako mbioni kununua.

Lengo naliandika hapa mapema ili tusije tukapotea njia. Tunataka kila familia inayozungumza Kiswahili katika Kaunti ya Harris iweze kufungua rekodi ya nyumba kwenye tovuti za kaunti, iisome mstari kwa mstari, na ipige hesabu ya kodi yenyewe kabla ya kusaini mkataba. Texas haina kodi ya jimbo kwenye mshahara, na watu wanalifurahia hilo. Lakini shule, hospitali ya umma, barabara za kaunti na mitaro ya mafuriko vinahitaji fedha, na sehemu kubwa inatoka kwa mwenye nyumba.

Sisi tuliotoka Tanzania jambo hili ni geni kabisa. Nyumbani, tangu 2021, kodi ya jengo inakatwa kidogo kidogo mtu anaponunua umeme wa LUKU, na wengi wanailipa bila hata kukaa kuiwaza. Hapa ni bili ya maelfu ya dola kwa mwaka, na inatokana na rekodi ambayo mwenye nyumba ana haki ya kuisoma na kuipinga.

Mama mmoja wa Bukavu alikuja na barua ya benki ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa vizuri. Malipo yake ya mwezi yamepanda ghafla. Akanisogezea: "Mwanangu, soma hii. Walisema bei haitabadilika miaka makumi tatu. Sasa wanabadilisha. Hii nyumba ni yangu ao ni yao?"

Nilimwambia, nyumba ni yako, Mama, na riba yako haijaguswa. Kilichopanda ni eskro, ile akaunti ambayo benki inakusanyia kila mwezi fedha za kodi na bima, halafu inalipa kwa niaba yako. Kisha tukafungua rekodi ya nyumba yake kwenye tovuti ya HCAD, ofisi inayothamini mali, na jibu likaonekana pale pale. Kwa Januari 1, 2024 rekodi ilionyesha thamani ya ardhi, na sehemu ya jengo ilikuwa sifuri. Kwa Januari 1, 2025 nyumba yote ilikuwa imeingia.

Hapo ndipo penye shimo ambalo nyumba mpya zinawatumbukiza watu wetu wengi. Texas inatazama mali ilivyokuwa Januari 1 ya mwaka husika. Nyumba iliyokamilika mwezi Juni, kama Januari 1 ujenzi ulikuwa haujaanza, kwa kodi ya mwaka huo ni kiwanja tu. Benki ikipanga eskro kwa bili ya kiwanja, familia inalipa kidogo mwaka wa kwanza na kudhani ndiyo bei ya kuishi humo. Mwaka unaofuata bili ya nyumba nzima inatua, benki inailipa, kisha inageuka kumdai mwenye nyumba pengo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali lililokuwa na akili kuliko maelezo yangu yote: "Na huyu aliyeniuzia, yeye alikuwa anajua?" Nikamjibu kwamba mtu yeyote mwenye intaneti alikuwa na uwezo wa kujua. Na hiyo ndiyo sababu tuko hapa.

Januari 24

Leo tumechora ramani ya nani anafanya nini, kwa sababu watu wanapiga simu ofisi isiyo yao, wanazungushwa, wanakata tamaa.

HCAD, yaani Harris Central Appraisal District, inathamini mali. Haiweki viwango vya kodi wala haikusanyi senti. Viwango vinawekwa na wenye kutoza, kila mmoja na bodi yake: wilaya ya shule, kaunti, Flood Control District (ya mitaro ya mafuriko), Port of Houston (bandari), wilaya ya hospitali, idara ya elimu ya kaunti, jiji kama uko ndani ya mipaka ya jiji, chuo cha jamii, kikosi cha dharura, na huko pembezoni MUD, wilaya inayojenga na kuendesha maji na majitaka ya mtaa mpya. Tax Office ya kaunti inakusanya kwa niaba ya wengi wao, ingawa si wote. County Clerk anatunza hati za umiliki na za mikopo. Tovuti ni tofauti, na sanduku la kutafutia ni tofauti.

Kuhusu kutafuta: ukiandika kidogo unapata zaidi. Namba ya nyumba na jina la barabara vinatosha, achana na maneno mengine ya anwani. Ukitafuta kwa jina la mtu, anza na la ukoo. Hapa Wakongo wana tabu ya pekee, kwa kuwa majina yao matatu yalipangwa kwa namna moja kwenye karatasi za ukimbizi, kwa namna nyingine kwenye leseni, na kwa namna ya tatu kwenye hati ya nyumba. Jaribu yote. Ukishaipata nyumba yako mara moja, nakili namba ya akaunti. HCAD inatumia tarakimu 13, na ukiwa nayo huhitaji kubahatisha tena.

Kijana mmoja wa Katy alihangaika muda mrefu, nyumba yake haionekani. Rekodi haikuwa na kasoro. Mji wa Katy umekaa juu ya kaunti tatu, Harris, Fort Bend na Waller, na yeye anaishi upande wa Fort Bend, ambako kuna ofisi nyingine ya uthamini na tovuti nyingine. Anwani ya posta haikwambii uko kaunti gani. Nimeiandika juu kabisa ya karatasi yetu ya mafunzo: kwanza ijue kaunti yako.

Februari 2

Leo ni siku ya mwisho ya kulipa. Kawaida ni Januari 31, lakini mwaka huu imeangukia Jumamosi, kwa hiyo imesogea hadi leo Jumatatu. Simu zimepigwa tangu asubuhi. Wenye mkopo benki nimewaambia wafungue tovuti ya Tax Office waone kama bili imeshalipwa, maana jukumu la mwisho ni la mwenye nyumba hata kama benki ndiyo inayotuma fedha. Wasio na mkopo, ambao ni wachache na wengi ni wazee waliochangiwa na watoto wao, tumewasaidia kulipa mtandaoni. Ukichelewa, Februari pekee inaongeza asilimia 7 kwenye deni, na kila mwezi unaozidi kupita unaongeza mzigo.

Februari 14

Somo la homstedi. Hili ni punguzo la mtu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, na kwangu ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote katika mradi huu. Upande wa shule, thamani inayotozwa kodi inapunguzwa dola 140,000. Ilikuwa 40,000 mwaka 2022, ikawa 100,000 mwaka 2023, na kura ya Novemba 2025 ikaifikisha hapo ilipo, kuanzia kodi ya 2025. Kaunti na jiji la Houston nao wanapunguza asilimia 20 ya thamani. Mwenye miaka 65 au zaidi, au mwenye ulemavu, anaongezewa dola 60,000 upande wa shule, na kodi yake ya shule inawekewa dari.

Homstedi haiji yenyewe. Lazima uombe, fomu namba 50-114, na anwani kwenye leseni yako ya udereva au kitambulisho cha Texas lazima ifanane na ya nyumba. Kuomba ni bure. Nimelisema hilo kwa sauti na nimelirudia, kwa sababu karibu kila aliyenunua nyumba amepokea barua yenye nembo inayofanana na ya serikali ikimtaka alipe ada ili "asajiliwe." Wengine walilipa. Wengine waliogopa utapeli wakatupa kila barua, pamoja na zile za kweli za ofisi ya uthamini. Ni kidonda kinachoniuma, kwa sababu watu hawa wanafanya kazi za usiku kwenye maghala na hospitalini, na dola mia kwao si kitu cha kuchezea.

Mama wa Bukavu alikuwa kundi la pili. Rekodi yake haikuwa na homstedi hata moja. Lakini sheria inaruhusu kuomba kwa kuchelewa, hadi miaka miwili baada ya tarehe ambayo kodi ya mwaka husika inageuka deni la kuchelewa. Kwa hiyo 2025 bado iko wazi, na 2024 pia. Tumeijaza kwenye simu yake, akapiga picha leseni, akatuma. Alipoona ujumbe kwamba imepokelewa aliomba niuchape, akaukunja na kuutia ndani ya ule mfuko wa nailoni.

Februari 21

Karatasi ya hesabu imekamilika. Nimeitengeneza kwenye Excel, na nyingine ya kujaza kwa kalamu. Tumeijaribu kwa nyumba ya mfano ya dola 300,000 iliyo nje ya jiji, ndani ya MUD, kwa viwango nilivyovikata viwe mviringo ili hesabu ifuatike. Kiwango hapa kinasemwa kwa kila dola 100 za thamani. Shule dola 1.10. Kaunti na taasisi zake kwa pamoja senti 60. MUD senti 80. Kikosi cha dharura senti 10. Jumla dola 2.60.

Mwaka ambao rekodi ina kiwanja tu, tuseme 50,000, bili ni dola 1,300, kama 108 kwa mwezi. Mwaka wa nyumba nzima, bila homstedi, ni dola 7,800, yaani 650 kwa mwezi. Lakini benki ilishakusanya 1,300 na imelipa 7,800. Pengo la 6,500 likigawanywa kwa miezi 12 ni dola 542 nyingine. Kwa hiyo mwezi mmoja familia ilikuwa inatenga 108 kwa ajili ya kodi, mwezi unaofuata inatakiwa 1,192. Ukumbi ulinyamaza. Baba mmoja wa Uvira akasema polepole, "Hii ndiyo ilimtoa ndugu yangu kwenye nyumba."

Kisha tukaweka homstedi. Shule inatoza 160,000 badala ya 300,000, inakuwa 1,760. Kaunti na wenzake wanatoza 240,000, inakuwa 1,440. MUD kwenye mfano wetu haina punguzo, inabaki 2,400. Kikosi cha dharura 300. Jumla 5,900. Fomu moja ya bure imeokoa dola 1,900 kwa mwaka.

Tazameni pia ule mstari wa MUD. Baada ya homstedi, MUD ndiyo imekuwa mtozaji mkubwa kuliko shule. Nyumba mbili za bei moja, zimetenganishwa na barabara tu, moja ndani ya MUD yenye madeni makubwa ya mabomba na nyingine nje, zinaweza kutofautiana maelfu ya dola kwa mwaka. Dalali anakuonyesha jiko na sakafu, na orodha ya watozaji iko kwenye ukurasa wa HCAD, kila mmoja na kiwango chake. Namwomba kila anayetafuta nyumba aifungue orodha hiyo akiwa bado amesimama mlangoni.

Machi 7

Wiki hii familia moja ya Kikenya imenipigia, wamepata nyumba ya zamani wanayoipenda, na tovuti ya matangazo ya nyumba inaonyesha kodi ndogo ajabu. Mume akasema, "Kaka, tukiikosa hii hatupati nyingine." Nikawaomba wanipe jioni moja tu.

Rekodi ya HCAD ilikuwa na thamani mbili. Thamani ya soko ilikuwa juu, na thamani ya kutozea kodi ilikuwa chini yake mbali sana. Hiyo ni kazi ya ukomo wa asilimia 10: nyumba yenye homstedi haiwezi kupandishwa thamani ya kutozea zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata soko likiruka namna gani. Mwenye nyumba aliyekaa miaka mingi anajenga pengo kubwa. Siku akiuza, pengo halimfuati mnunuzi. Mwaka unaofuata thamani inarudi kwenye soko, na ukomo wa mnunuzi unaanza upya baada ya homstedi yake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo ukurasa hauonyeshi. Sheria ya Texas inakataza kuweka mtandaoni taarifa zinazoonyesha umri wa mwenye nyumba, pamoja na picha na michoro ya nyumba ya kuishi. Ni sheria nzuri, inawalinda wazee. Lakini maana yake ni kwamba huwezi kujua kama bili ndogo inatokana na muuzaji kuwa na miaka 65 au zaidi. Chukua mfano: thamani ya kutozea ni 170,000, toa 140,000, toa 60,000 nyingine. Hakuna kilichobaki. Mzee huyo hailipi shule hata senti. Wewe mwenye miaka 38 hupati hizo 60,000 za mzee, na shule utailipa.

Kwa hiyo kanuni yetu haina mjadala: bili ya muuzaji usiitumie kwa chochote. Chukua thamani ya soko, au bei unayonunulia kama ni kubwa zaidi, orodhesha watozaji, weka viwango vya karibuni, toa punguzo lako wewe, piga hesabu. Wale Wakenya walifanya hivyo mezani kwao, watoto wakiwa wamelala. Kodi halisi ilikaribia mara nne ya ile ya kwenye tangazo. Hawakuiacha nyumba. Walipunguza bei waliyotoa, na waliiambia benki mapema ipange eskro kwa hesabu ya kweli. Wameipata. Nimefurahi mno kwa ajili yao.

Machi 21

Tulikuwa kwa County Clerk, kwa maana ya tovuti. Wengi walidhani wataona bei ambayo jirani alinunulia. Texas hailazimishi bei ya mauzo itangazwe, na hati nyingi zinasema tu kwamba nyumba imeuzwa kwa dola kumi na malipo mengine. Kinachoonekana ni nani alimpa nani na lini, na hati ya dhamana ya mkopo yenye kiasi cha mkopo. Kwa mnunuzi, faida iko hapa: unatafuta jina la muuzaji upande wa mtoaji, unaona kama kuna madai yaliyosajiliwa juu ya nyumba, na unahakikisha anayekuuzia ndiye aliyepokea hati ya mwisho. Kampuni ya hati, ile inayothibitisha umiliki wakati wa mauzo, itafanya uchunguzi wake rasmi, lakini macho yako mwenyewe hayana gharama.

Dada mmoja alibaki nyuma baada ya wengine kuondoka. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama mtu yeyote duniani anaweza kuandika jina lake na kupata mlango wake. Ndiyo, anaweza. Watu waliokimbia vita hawalichukulii swali hilo kirahisi, na mtu mwingine yeyote hapaswi kulichukulia hivyo. Nilimweleza kwamba sheria ya kodi ya Texas ina orodha ya watu wanaoruhusiwa kuomba anwani ifichwe, wakiwemo waathirika wa ukatili wa kifamilia wenye ushahidi unaotakiwa, na kwamba ombi linapelekwa ofisi ya uthamini. Tumepanga aonane na wakili wa msaada wa kisheria. Yaliyobaki ni yake.

Tangu leo, kikao kinaanza na jambo hili. Mtu ajue kwanza kwamba rekodi iko wazi, halafu ndiyo tumfundishe kuitafuta.

Aprili 18

Barua za HCAD za kutaja thamani ya nyumba kwa mwaka huu zimeanza kuingia. Kila mtu aliambiwa asiifungue kwa hofu na asiitupe, aje nayo.

Hatukuanza na bei. Tulianza na maelezo ya jengo: ukubwa, mwaka lilipojengwa, vyoo, hali yake, na vitu vya ziada. Mzee wetu wa Mombasa, anayeishi nyumba ya miaka ya sabini upande wa Alief, aliposomewa vitu vya ziada alishtuka. Rekodi ilikuwa na bwawa la kuogelea. "Bwawa lipi, mwanangu? Mimi pale nina mchicha." Mwenye nyumba wa awali alilifukia. Mzee amekuwa akilipia kodi bwawa ambalo juu yake amepanda mchicha na bamia, na mjukuu wake akatuonyesha picha kwenye simu: matuta mawili marefu, na ukingo wa saruji umechomoza kidogo pembeni.

Tukaandaa pingamizi. Namba ya kuingilia kwenye iFile, mfumo wa kupinga mtandaoni, iko kwenye barua yenyewe. Tumeweka alama kwenye sababu mbili, kwamba thamani imezidi soko na kwamba hailingani na nyumba zinazofanana nayo, kwa sababu usipoweka alama mwanzoni unaweza kunyimwa nafasi ya kulizungumzia baadaye. Ya pili ndiyo watu wengi hawaijui. Hata kama thamani yako iko sawa na soko, una haki ya kutozwa kwa mizani ile ile ya majirani. Tunachukua msimbo wa mtaa ulio kwenye rekodi, tunatafuta nyumba za ukubwa na umri unaokaribiana, tunagawanya thamani kwa futi za mraba, tunaangalia ya katikati. Kijana wa mzee amefanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi.

Picha nazo tumepiga. Bustani, ukingo wa saruji, na dari ya chumba cha nyuma ambayo imebaki na doa la maji tangu kimbunga Beryl cha Julai 2024. Mthamini anathamini mtaa mzima kwa pamoja, haingii chumba kwa chumba. Usipomwonyesha doa hataliona.

Mei 2

Kikao kirefu kuliko vyote. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Tarehe ya mwisho ni Mei 15, au siku 30 baada ya barua, yoyote inayokuja baadaye, na tumeamua kwamba kwetu sisi ni Mei 8, ili wiki nzima ibaki kwa watakaokwama.

Jambo lililonigusa: Mama wa Bukavu leo hakuja kuuliza. Alikaa na msichana aliyeolewa juzi juzi, amenunua nyumba kwenye mtaa mpya, na akamfungulia rekodi yeye mwenyewe. Akamwonyesha kidole kwenye mstari wa jengo. "Ona, hapa ni sifuri. Usifurahi. Mwaka kesho hapa patajaa. Anza kuweka franga pembeni leo." Tena akamwelekeza aipigie benki aombe eskro ipandishwe mapema kwa hiari, ili pengo lisijijenge. Rekodi ya Mama sasa ina homstedi, ya mwaka huu na ya nyuma, na fedha iliyolipwa zaidi inarudishwa.

Swali lililokuja sana: kwa nini mstari wa Flood Control umepanda wakati thamani haikupanda? Kwa sababu Novemba 2024 wapiga kura wa Harris waliidhinisha kiwango chake kiongezwe, kwa ajili ya matunzo ya mitaro. Baadhi ya waliokuwa ukumbini ni raia na hawakujua kwamba jambo hilo lilikuwa kwenye karatasi ya kura. Kuna la kufanya hapo. Hata bodi ya HCAD, tangu 2024, ina wajumbe watatu wanaochaguliwa na wananchi.

Mei 30

Pendekezo la mzee wa Mombasa limekuja mtandaoni. Bwawa limeondolewa kwenye rekodi na thamani imeshushwa. Alitaka kujua kama akubali au asubiri kusikilizwa mbele ya bodi ya mapitio. Tulilinganisha na hesabu ya kijana wake, tofauti ilikuwa ndogo, akakubali. Wengine wawili tuliowasaidia wamekataa mapendekezo yao na wanasubiri kusikilizwa. Tumeshaomba ushahidi ambao ofisi ya uthamini itautumia, kwa kuwa sheria inataka upatikane angalau siku 14 kabla. Ukiusoma mapema unakuta nyumba walizokulinganisha nazo, na mara nyingine mojawapo ina bwawa la kweli.

Juni 13

Yaliyobaki, kwa yeyote atakayeshika kazi hii nikisafiri.

Mwanzoni mwa Agosti, kwa mujibu wa sheria ya 2019, hifadhidata ya kodi ya kila kaunti inajazwa viwango vinavyopendekezwa. Mlango wake ni Texas.gov/PropertyTaxes, unachagua kaunti, unaweka anwani. Hapo ndipo makadirio ya kodi ya mwaka huu yanapokuwa na maana, kwa sababu yanaonyesha kila mtozaji anataka kiwango gani, kiwango ambacho kingeleta mapato yale yale ya mwaka jana, na mahali na saa ya mkutano ambao mwananchi anaruhusiwa kusema. Karatasi yetu ya Excel ina safu tupu kwa ajili ya viwango hivyo. Ijazwe kabla ya kikao cha Agosti 15.

Fort Bend bado haina mwongozo wake. Yule kijana wa Katy ameukubali mzigo huo, na ameshaanza kupiga picha za skrini. Familia zenye nyumba zilizokamilika mwaka huu ziko kwenye orodha ya pekee, na kila moja ipigiwe simu ikumbushwe kuhusu eskro kabla ya Oktoba, bili zinapoanza kutoka. Mikutano ya wilaya za shule kuhusu viwango inakuwa jioni. Mama wa Bukavu amesema atakwenda, na anatafuta wa kwenda naye mwenye gari.